Mteja ni Wewe, au ni Ndoa Yako?

Kibao kilikuwa cha bluu, maandishi meupe yaliyoanza kubanduka: USHAURI NASAHA – NDOA, MALEZI NA MASUALA YA WANAWAKE. Nilikuwa nakipita kila siku nikiwa kwenye daladala, wala sikuwahi kukitilia maanani. Siku niliyoshuka pale, mwanangu wa pili alikuwa na wiki tisa, na mimi nilikuwa sijalala usingizi wa maana tangu sijui lini. Nalia nikifua nepi. Nalia nikikoroga uji. Jambo lenyewe silijui. Mtoto mzima, chakula kipo, kodi imelipwa. Mama mmoja wa makamo, mpole, amevaa kitenge kizuri, alinikaribisha, akanisogezea kiti, akafungua daftari na kuniuliza swali la kwanza: "Mume wako anajua kama umekuja hapa?"

Nikamwambia anajua. Akaniuliza tunaishije. Nikasema vizuri. Akaniuliza kama tangu nijifungue nimeshamrudia baba watoto chumbani. Nilikaa pale dakika arobaini, na zaidi ya thelathini tulikuwa tunamjadili mwanaume ambaye mimi sikumtaja hata mara moja. Nikalipa elfu hamsini, nikapewa nasaha kwamba mume naye ni mtoto, tena ndiye wa kwanza, nikarudi zangu Tabata na huzuni ileile, sasa ikiwa na hatia juu yake.

Yule mama hakunifanyia ubaya. Alifanya kazi aliyofundwa. Kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu nilisoma "masuala ya wanawake" nikadhani nimefika. Tukitafuta mshauri wa namna hii tunaulizana: ni mwanamke? Ni mtu mzima? Ana siri? Maswali mazuri yote. Ila lipo moja ambalo sijawahi kusikia mtu akiliuliza mlangoni, nalo ndilo limenigharimu: huyu mtu, mteja wake ni nani? Ni mimi niliyekaa kwenye kiti, au ni ndoa yangu, na mimi ni mtu niliyetumwa kuipeleka gereji?

Mwanamke wa Uswahilini hakuwahi kukosa wa kumshauri. Hilo lisemwe mapema, maana wapo wanaodhani mambo haya yameletwa na ndege. Binti alipovunja ungo alitafutiwa somo au kungwi, na huyo hakuwa mtu wa siku moja. Alimfunda usafi, hedhi, mwili wake na wa mwanaume. Alimsindikiza kwa bwana. Aliitwa tena mambo yalipoharibika. Alijua mengi ambayo mama mzazi hakuruhusiwa kuyatamka. Sijui wataalamu wangapi wenye shahada wanaweza kujigamba kwamba wamekuwa na mtu mmoja miaka thelathini. Siku hizi kazi ile imehamia ukumbini, kwenye kicheni pati, ambako kungwi anashika maikrofoni na kufunda watu mia mbili kwa mpigo, huku bi harusi amekaa katikati amefunikwa kanga, anatazama vidole vyake vya miguu.

Lakini kungwi alikuwa na mwajiri. Waliompa kazi ni wazee, na kazi waliyompa ni nyumba isimame. Ndiyo maana majibu yake yalikuwepo kabla ya swali. Mume mkali? Mlainishe. Mume anatoka nje? Jikague umepunguza nini. Una huzuni? Mvumilivu hula mbivu. Nimeisikia methali hiyo wakipewa wanawake mara nyingi mno, hadi najiuliza kama kuna mwanaume aliyewahi kuambiwa asubiri embe lake liive.

Sheria nayo imekaa mkao huohuo. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, anayetaka kufungua shauri la talaka lazima kwanza apeleke mgogoro kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Sina ugomvi na usuluhishi; ndoa ya dada yangu ilipona barazani na leo wanalima pamoja. Ninachosema ni kwamba kusuluhisha ni kazi moja na kutibu ni nyingine, na kwetu mara nyingi zinafanywa na mtu yuleyule, kwenye chumba kilekile. Mchungaji anasuluhisha. Shehe anasuluhisha. Afisa ustawi wa jamii anasuluhisha. Mwanamke anaingia na kidonda, anatoka na makubaliano.

Ukiniuliza nani katika tuliowarithi alikwenda kinyume, nitakujibu ni mganga wa pepo, na wanaotaka kucheka wacheke. Kwenye ngoma za pepo za pwani, mwanamke akipandwa, mganga hamuulizi mwanamke amekosa nini. Anamgeukia pepo: unataka nini? Na pepo, kwa kinywa cha mke yuleyule aliyenyamaza miaka, anasema. Anataka kanga mpya. Anataka pete ya fedha, marashi, halua. Anataka kiti chake, yaani mwanamke aliyempanda, kisifokewe mbele ya watu. Mume anatoa, tena mbele ya mashahidi. Wasomi wameandika mengi juu ya hilo. Mimi linanitosha lile swali. Mke mwenyewe angeombwa aseme anachotaka, angeambiwa ana mdomo.

Kisha ukaja ushauri wa darasani, na kwa wengi wetu ulikuja na Ukimwi. Maneno "ushauri nasaha" yalienea mitaani yakiwa yamefungwa kamba na "upimaji wa hiari". Miaka ya 2000 ukionekana unaingia kwenye kituo cha Angaza, cha kupima virusi vya Ukimwi, mtaa mzima ulijua umekwenda kuchukua majibu. Wimbi lile lilitufundisha mambo mawili makubwa: mlango ufungwe, na mshauri asikuhukumu. Lakini lilituachia pia harufu ambayo haijaisha. Nilipomwambia wifi yangu nimekwenda kwa mshauri nasaha, alitua kikombe cha chai taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwani umepima?"

Sasa tufungue hicho kikapu kinachoitwa masuala ya wanawake, maana ndani yake vimetupwa vitu visivyofanana hata kidogo. Kuna uzazi. Kuna kipigo. Kuna kubakwa. Kuna mimba zinazoharibika na mimba zisizoingia. Kuna kukoma hedhi. Kuna ukeketaji na makovu yake, ya mwili na yasiyo ya mwili. Kuna fistula, lile tundu la uzazi mgumu linalovujisha mkojo, ambayo mwanamke akishafanyiwa upasuaji na mkojo ukakoma, bado anahitaji mtu wa kumsaidia kurudi kukaa na watu waliokuwa wakimkimbia. Hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam inalijua hilo, haikuishia kwenye kisu. Mtu mmoja hawezi kuwa fundi wa yote haya. Anayeandika yote kwenye kibao kimoja ananiambia kitu kuhusu kibao, si kuhusu ufundi wake.

Nianze na uzazi kwa sababu ndiko nilikotoka. Nenda kliniki ya watoto asubuhi. Mizani inaning'inia kama ya buchani, mtoto anavalishwa kile kikaptula cha turubai, anatundikwa, anapiga kelele, muuguzi anasoma kilo na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikishuka, mama anahojiwa: unamnyonyesha? Unampa nini? Foleni inasogea. Nimepita kwenye foleni ile kwa watoto wawili, mwezi kwa mwezi, na sikumbuki siku mtu aliniuliza mimi ninalalaje. Wauguzi ni wawili na kina mama wamejaa hadi kwenye ngazi, naelewa. Ila Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, ile huzuni nzito isiyokwisha. Kwenye benchi lenye kina mama ishirini, hao ni wanne. Wamebeba watoto wenye kilo nzuri.

Kipimo cha kuwatambua kipo tangu 1987. Kilitungwa Uskoti na John Cox na wenzake wawili, kinaitwa kipimo cha Edinburgh: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, la kwanza likiuliza kama umeweza kucheka, la mwisho likiuliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Kukijaza hakuchukui muda wa kuchemsha chai. Chenyewe hakimwambii mtu anaumwa nini, kinaonyesha tu nani aketi azungumzwe naye zaidi. Mtu anayesema anashughulika na kina mama waliojifungua, halafu hajawahi kukisikia, mimi namshukuru na kuaga.

Fundi wa eneo hili utamjua pia kwa mambo ambayo hayafanyi mwenyewe. Atakutuma ukapime damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo baada ya uzazi huleta uchovu unaofanana sana na sonona. Hatakuambia uache kunyonyesha ili unywe dawa, wala uache dawa ili unyonyeshe, kabla daktari hajalitazama suala lako, kwa sababu zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha hutumia chini ya uangalizi. Na anajua hali moja isiyosubiri miadi ya Alhamisi. Katika kila wanawake elfu moja wanaojifungua, mmoja au wawili huchanganyikiwa akili kabisa, aghalabu ndani ya wiki mbili za kwanza: halali na wala hasikii haja ya kulala, anasikia sauti, anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Huyo ni wa hospitali, leo hii, na asiachwe peke yake na mtoto wala na nafsi yake. Majumbani kwetu siku tatu za kwanza hupotea kwenye mjadala wa nani kamchezea.

Hapa nitamke neno la kuitetea arobaini, ambayo vijana wa mjini wanaicheka. Siku arobaini za kukandwa maji ya moto, kupikiwa mtori na supu ya pweza, kulala huku mwanamke mwingine akimbeba mtoto: ulikuwa mpango wa afya ya akili usiojiita hivyo. Mjini arobaini imebaki jina. Mama mdogo anakuja na basi kutoka Moshi au Lindi, anakaa wiki moja, wanawe wanampigia simu, anaondoka. Kinachobaki ni masharti ya arobaini bila mikono yake.

Kipigo ni kesi nyingine, na huko kumpata mshauri asiyefaa si kupoteza elfu hamsini tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 30 ya wanawake duniani wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono, wengi wao na wenza wao. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2013 unaeleza huduma ya kwanza kwa mwanamke kama huyo: msikilize bila kumhukumu, muulize anahitaji nini, mwonyeshe unamwamini, tazama usalama wake, mwunganishe na msaada. Kwenye orodha hiyo huoni "waite wote wawili". Mwanamke anayepigwa hawezi kusema kweli mbele ya anayempiga. Akiisema saa nne asubuhi ofisini kwako, atailipia saa nne usiku nyumbani kwake. Kwa hiyo ukimpigia mshauri simu, ukamweleza kwamba kuna kupigwa, naye haraka akasema "njoo naye tuyaweke sawa", nasema kwa herufi kubwa: usiende naye. Kuna vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, Amana kwa mfano na Mnazi Mmoja ya Zanzibar, ambako daktari, polisi, ustawi wa jamii na mnasihi wako pamoja, ili usisimulie kubakwa kwako mara nne kwenye ofisi nne. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya kuna namba ya simu 1195, haina malipo.

Mengine nitayapita, si kwa udogo wake. Kukoma hedhi peke yake kunataka makala nzima. Wangapi wameambiwa wana mashetani kumbe ni miaka hamsini na mwili unabadilika?

Turudi kwenye vyeo, kwa kuwa navyo ni mtego. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari: anaandika dawa, na usajili wake unaweza kuuliza Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba amesomea tiba ya mazungumzo na vipimo vyake. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinawafundisha. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada, anaweza kuwa na cheti cha wiki sita, na anaweza kuwa na Instagramu yenye wafuasi wengi na taa ya duara. Majirani zetu Kenya walitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014 na kuunda bodi ya kuwasajili, kwa hiyo mtu wa Nakuru au Kisumu ana pa kuulizia: namba yako ya usajili ni ngapi? Sheria haimfanyi mtu kuwa mwema, lakini walau kuna mlango wa kupeleka malalamiko. Mimi nilipotoka kwa mama wa kibao cha bluu sikuwa na mlango wowote, nilikuwa na wifi.

Msidhani wenzetu wa ughaibuni wamenusurika. Marekani kuna orodha kubwa za wataalamu mtandaoni, unachuja kwa eneo na kwa tatizo, na "masuala ya wanawake" ni kisanduku kimojawapo. Anayekiwekea alama ni mtaalamu mwenyewe. Leseni yake inatolewa na jimbo na ni ya taaluma yake kwa jumla. Leseni ya masuala ya wanawake haipo. Kitu kinachokaribia ubingwa wa kweli ni cheti cha afya ya akili ya uzazi ambacho shirika la Postpartum Support International lilianza kukitoa mwaka 2018, chenye mafunzo na mtihani. Ukimkuta mwenye nacho, anza naye. Lakini mama wa Kikongo aliyefika huko kama mkimbizi, Kiswahili chake cha Bukavu ndicho anachokielewa, ana kikwazo kingine kabla ya hicho: mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia bure. Tatizo ni kwamba katika mji wenye familia mia moja za Wakongo, mkalimani ni mume wa mtu anayeimba naye kwaya. Haki anayo ya kumkataa na kuomba wa kwenye simu, wa mji mwingine. Wengi hawaijui.

Nikitaja Bukavu lazima nitaje Panzi, hospitali aliyoianzisha Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wanaomjua kwa upasuaji husahau nusu ya kazi yenyewe. Pale mwanamke aliyebakwa vitani hapewi kisu tu. Kuna tiba ya mwili, kuna ya nafsi, kuna wakili, kuna ufundi wa kujipatia riziki. Na kuna wanawake wanaoitwa mama chéri, ambao kazi yao ni kuwa na mgonjwa tangu anaposhuka kwenye gari: kukaa naye, kumwogesha ikibidi, kumsikiliza usiku. Hao si madaktari. Hapo ndipo watu wa vyeti wanapochanganyikiwa, na hapo ndipo nami nimebadili mawazo.

Maana zamani ningekuambia: tafuta mwenye shahada kubwa, basi. Utafiti haukubaliani nami. Nairobi, katika mitaa ya pembezoni, wanawake 421 wenye msongo na historia ya ukatili waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapata vikao vitano vya programu iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani, likiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa. Kupumua taratibu, kuchambua tatizo moja hadi lipate ncha ya kushikika, kurudi kidogokidogo kwenye shughuli ulizoziacha, kutafuta watu wa kukushika mkono. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na waliopata vikao vile walipungukiwa na msongo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, akawafunza, wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya nje ya zahanati. Utafiti wao uliotoka mwaka 2016 ulihusu watu 573, wengi wao wanawake, na huko nako waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Bibi wa Mbare na kungwi wa Tandika ni watu wa umri mmoja, pengine hata kanga zao zinafanana. Nimejiuliza sana tofauti yao iko wapi. Sidhani ni elimu. Bibi wa benchi anamfungua mgonjwa mawazo, kisha anamwachia mgonjwa achague tatizo la kuanza nalo. Na bibi huyo ana mtu juu yake: akikwama, akisikia mtu anataka kujiua, anajua nani wa kumpigia. Kungwi akikwama alikuwa na methali.

Kwa sababu hiyo swali la jinsia silipi uzito ambao rafiki zangu wanalipa. Aliyebakwa akitaka mwanamke apewe mwanamke, hapo hakuna mjadala. Vivyo hivyo yule ambaye imani yake haimruhusu kukaa faragha na mwanaume asiye maharimu wake. Lakini kuwa mwanamke hakumfanyi mtu awe upande wako. Mara nyingi aliyepitia makali yaleyale akavumilia ndiye mgumu kuliko wote. Anakutazama kana kwamba unataka kupewa bure alichonunua kwa miaka ishirini. Nimeulizwa maswali ya kikatili zaidi maishani na wanawake waliojifungua watoto wengi kuliko mimi.

Siri ndiyo sintaifanyia mzaha. Katika mji mdogo muuguzi wa akili ni jirani wa mama mkwe, na kadi yako ina jina. Kuvuka mkoa kwa ajili ya mshauri si maringo. Siku hizi kuna wanaosikiliza kwa simu, nayo inasaidia, mradi uwe na mahali pa kuongea. Namjua dada anayefanya vikao vyake ndani ya bajaji iliyoegeshwa, kamlipa kijana akakae kibandani kwa muuza chipsi.

Baada ya kibao cha bluu nilikaa miezi miwili bila kwenda kokote. Mara ya pili nilipiga simu kwanza, na nikauliza kama mtu anayenunua jenereta. Umeshawaona kina mama wa hali yangu, na huwa unafanya nao nini? Ukikwama unamwuliza nani? Nikikuambia jambo, mume wangu akikupigia utamwambia? Wa kwanza alikasirika kwenye swali la pili. Wa pili alisema yeye kwa kweli huwa anashughulika zaidi na vijana na dawa za kulevya, akanipa jina la mwingine. Huyo nilimheshimu sana. Huyo mwingine, dada mdogo kuliko mimi, hajaolewa, sauti kavu kidogo, alijibu yote matatu bila kuremba, na kwenye la mume akasema: "Hapana. Isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtoto yako hatarini, na hapo nitakuambia wewe kwanza."

Chumba chake kilikuwa kidogo, feni inapiga kelele, hakuna picha ukutani. Alinipa karatasi yenye maswali kumi nikajaza kwa penseli. La kumi nikalijaza, nikalifuta, nikalijaza tena. Aliisoma karatasi bila kusema neno, akanihoji kwa utaratibu kuhusu lile la kumi hadi aliporidhika, akaiweka chini. Kisha akaniuliza ninataka nini.

Nikamjibu kuhusu mtoto. Akasema amenisikia, ila ameniuliza mimi. Nikamjibu kuhusu mume. Akangoja. Feni ikazunguka. Nikasema nataka kulala.

Akaandika. Akauliza mtoto akilia usiku anaamka nani, na mama mkwe akija huwa analala chumba gani. Tukaanzia hapo.